Faili Lisilo na Jina

Wiki tatu zilizopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha uhariri, hedifoni mbili, na diski kumi na nne zenye lebo za mwandiko wangu. Mlinipa kitenge, keki na hotuba. Katika hotuba mlisema Mama Limi hajawahi kupoteza kazi ya mteja. Nilinyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki, na kwa sababu sikutaka kuwaharibia shughuli. Lakini si kweli. Nilipoteza kazi moja, na ndiyo kazi ambayo sikupaswa kuipoteza. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na sasa ninaliandika ili atakayekaa kwenye kiti changu alijue kabla hajagusa kipanya.

Nilianza kazi Bariadi ikiwa bado iko chini ya Shinyanga, mji wa vumbi, pamba na mnada. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na mwenye studio alikuwa Mwalimu Salum. Aliletwa huku na serikali kutoka Tanga kufundisha elimu ya watu wazima, akastaafu, akakataa kurudi kwao. Ijumaa alivaa kanzu, siku nyingine zote alivaa shati lenye kalamu nne mfukoni. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu kilikuwa bado na mikunjo ya Kisukuma, na nikikosea alikuwa hanisahihishi, alirudia tu neno langu polepole mpaka nalisikia mwenyewe.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa mashine yoyote. Alinivisha hedifoni, akaniambia nifumbe macho, akanichezea kanda ya kwaya tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umesikia nini, mwanangu?"

"Kwaya, Mwalimu."

"Na nini tena?"

"Kwaya tu."

"Kuna mbuzi nje ya dirisha. Kuna mlango umefungwa mara mbili. Na yule wa tatu kutoka kushoto ana mafua. Rudia."

Nilirudia mara nne. Mara ya nne nilimsikia mbuzi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kama nimelima, na mume wangu akaniuliza kazi yenyewe ni ipi. Nilimwambia ni kufumba macho. Alifikiri sana kabla ya kunipa pole.

Wakati huo tulikuwa tunahariri kwa mashine mbili za kanda, moja inacheza na nyingine inarekodi. Ukikosea dakika ya arobaini, unarudi dakika ya arobaini na kuanzia hapo. Hapakuwa na kuhamisha mradi kwenda popote, kwa sababu hapakuwa na mradi. Kulikuwa na kanda tu, na kanda unaishika kwa mkono. Ninyi mnaowacheka wazee kwa kupenda kanda, jueni kwamba kanda haijawahi kuniuliza kama nina uhakika nataka kuendelea.

Kompyuta ya kwanza ilipokuja, ilikuja na programu ya uhariri ambayo baadaye tuliibatiza Bibi, kwa sababu ilikuwa polepole, ilikasirika ovyo, na ilikumbuka mambo ya zamani kuliko sisi. Mwalimu Salum aliisoma kwa miezi miwili, akiandika kwenye daftari, kisha akaniita anifundishe. Jambo la kwanza alilonifundisha ndilo ninalotaka mlishike.

"Ukifungua mradi wako humu," aliniambia, "unadhani picha zimo ndani?"

"Si ninaziona, Mwalimu?"

"Hazimo. Mradi ni mtu anayekuelekeza njia. Anasema, pita kisima, nyumba ya tatu yenye bati jekundu, humo ndimo mwenye sauti. Akihama mwenye nyumba akaingia mpangaji mwingine, mwelekezaji hajui. Atakupeleka palepale, na utabisha hodi kwa mtu usiyemjua."

Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani nimeelewa. Ilinichukua miaka mingi na msiba wa watu wengine kuelewa.

Sasa kuhusu kuhamisha kazi kutoka programu moja kwenda nyingine, maana ndiyo kazi iliyokula nusu ya maisha yangu. Kila mteja alikuja na yake. Harusi imeanza kuhaririwa Mwanza kwa programu hii, inataka kumaliziwa Bariadi kwa ile. Kwaya imerekodi sauti kwa programu ya muziki, picha ziko kwa Bibi. Programu hizi hazizungumzi. Zinaandikiana barua, faili dogo la maandishi linalosema kipande hiki kinaanzia hapa, kinaishia pale, kinatoka kwenye faili fulani. Barua hiyo hubeba mikato vizuri. Haibebi mapambo. Picha uliyoipunguza mwendo itafika ikitembea kawaida, sauti uliyoishusha polepole itafika ikipiga kelele, na maandishi ya majina ya maharusi hayatafika kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha, toa kwanza nakala nzima ya kazi kama ilivyo, iweke juu ya taimlaini mpya, yaani ule mstari wa kupangia vipande, na ulinganishe kipande kwa kipande. Sisi tuliiita nakala shahidi. Ukimwona mtu anahamisha bila nakala shahidi, mwombee.

Kwaya moja ya Kiloleli ilinifundisha habari ya fremu. Kamera yao ilirekodi fremu, yaani picha moja moja, ishirini na tano kwa sekunde. Mimi, kwa haraka, nilifungua taimlaini mpya ya fremu thelathini na kuingiza mikato yote humo. Mwanzo wa wimbo ulikaa sawa. Kufikia ubeti wa tatu, waimbaji walikuwa wanafumba midomo maneno yakiwa bado yanatoka. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole sana, alitazama mpaka mwisho, akasema, "Mama Limi, sauti zetu bado ziko ibadani, lakini midomo imeshakwenda kula." Nilirudia kazi yote kwa siku mbili. Tangu hapo fremu nilizitazama kwanza, kabla hata ya kuvua viatu.

Na upande wa sauti, ukipeleka kazi kwenye programu ya kuchanganyia, acha mkia. Kila kipande kiende na sekunde mbili za ziada mbele na nyuma, hata kama hazisikiki. Fundi wa sauti anahitaji mahali pa kushika. Mwalimu Salum alipenda mikia kupita kiasi. Alirekodi mtu akiingia, akaendelea mpaka mtu ametoka na mlango umefungwa. "Washa kabla, zima baada," alisema kila siku, na kila siku nilinung'unika kwamba diski zinajaa.

Kitu kingine alichokishika kama dini ya pili ni majina. Kila faili kwake lilipewa mahali, jina la mtu na la baba yake, shughuli, na tarehe. Majina yalikuwa marefu kama mkufu. Alinieleza sababu siku ya pili tu ya kompyuta. "Mimi ni mgeni huku," alisema, "lakini nimeona. Ukisimama sokoni Bariadi ukaita Kulwa, watageuka watu sita. Ukiita Doto, sita wengine. Ukiita Shija, wanaofuata mapacha, watageuka waliobaki." Nilicheka. Ni kweli, sisi Wasukuma mapacha hatuwapi majina ya kubahatisha, wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mji mzima umejaa wao. Lakini yeye kama mgeni ndiye aliyeogopa jambo hilo. Mimi niliyezaliwa humo sikuliogopa. Nilimjua kila Kulwa kwa sura yake, kwa nini niandike jina la baba yake?

Macho ya Mwalimu yalipoanza kufifia, watoto wake walikuja kumchukua. Aliniachia studio na daftari lake. Kwa miezi michache niliandika majina marefu. Kisha kazi zikawa nyingi, mkoa wa Simiyu ulikuwa umeshaanzishwa, ofisi zinafunguliwa kila upande, kila mkuu anataka filamu ya uzinduzi. Nikaanza kufupisha.

Kulwa wa Kimali alikuja asubuhi moja akiwa peke yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado kijana, lakini koti lilimning'inia mabegani. Alikaa kwanza akapumua ndipo akazungumza.

"Mayu," aliniita, kama tunavyomwita huku mama yeyote wa umri wangu, "nataka kurekodi maneno ya kumwachia mama yangu. Hajui kusoma. Barua angesomewa na mtu mwingine, na mimi sitaki mtu mwingine aingie katikati."

Nilimuuliza kama tuweke kamera. Alikataa. Alisema sura yake ya sasa si ya kumwachia mtu, tutumie picha zake za zamani. Nilimweka mbele ya maiki, nikamwambia aseme chochote ili nipime sauti. Akasema. Mimi nilikuwa nimeinamia mashine, natazama mshale wa sauti unavyopanda na kushuka. Mshale ulipotulia nilisimamisha kipimo, nikafungua faili jipya, nikamwashia taa aanze.

Alizungumza kama dakika ishirini, kwa Kisukuma. Sitaandika hapa aliyoyasema, ingawa ninayakumbuka. Yalikuwa maneno ya mtoto kwa mama yake, na ndani yake aliomba msamaha wa jambo moja la ujana ambalo mama hakuwahi kulizungumza naye tena. Kila baada ya sentensi chache alikohoa. Alipomaliza, alinisihi mambo mawili. Nikitoe kile kikohozi, ili mama asikumbuke ugonjwa. Na kazi nisimpe mtu yeyote sasa, nimpe pacha wake Doto, siku atakapokuja kuiomba.

"Na kama hatakuja kwa muda mrefu?" nilimuuliza, nikijaribu kumpa moyo.

"Basi nitakuwa nimepona," alisema. "Utaifuta, tutacheka."

Nilihariri kwa Bibi. Nilikata kikohozi kimoja kimoja, nikaziba nafasi, nikaweka picha za zamani na wimbo wa utangulizi. Kazi ilikuwa safi. Faili la sauti nililiita kulwa_sauti. Sikuitoa nakala kamili, kwa sababu niliona bado ningeirekebisha.

Miezi mitano baadaye tulinunua kompyuta mpya na programu mpya, tukaiita Mwali, kwa kuwa ilikuja imepambwa. Nilihamisha miradi yote ya Bibi kwa siku nne. Ili iwe nadhifu, niliamua sauti zote zikae kwenye folda moja. Katikati ya kunakili, kompyuta iliniuliza kama nataka faili lililopo libadilishwe na hili jipya lenye jina lilelile. Ilishaniuliza maswali mengi ya kipuuzi siku hiyo. Nilibonyeza ndiyo kwa yote, nikaenda kunywa chai.

Kulikuwa na kulwa_sauti mbili. Ya pili ilikuwa ya Kulwa mwingine, dalali wa mnada wa ng'ombe hapa mjini, aliyekuja kurekodi tangazo. Ndiyo ile niliyoiruhusu ikae juu ya mwenzake. Nilipofungua mradi wa Kulwa wa Kimali kwenye Mwali, hakuna kilicholalamika. Hapakuwa na ile rangi nyekundu ya faili lililopotea, na sauti ya dalali ilikuwa ndefu zaidi, kwa hiyo kila kipande kilipata mahali pa kusimama. Nakala shahidi haikuwepo. Nilitazama taimlaini, nikaona vipande vimepangika vizuri, nikaufunga mradi. Kisha kompyuta ya Bibi tukaifuta na kuigawa kwa shule moja Lagangabilili.

Doto alikuja mwezi wa saba. Alikuwa karani katika ofisi za wilaya ya Itilima, mwanamke wa maneno machache, na uso wake ulikuwa uleule wa kaka yake. Sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo. Kaka alisema nikija utajua."

"Marahaba. Ninajua, mwanangu. Pole sana."

Alisema wanamaliza matanga Jumamosi, huko kwao Kimali, na mama ameambiwa kwamba mwanawe amemwachia maneno. Tangu aambiwe ameanza kula tena. Aliniomba nije mwenyewe na runinga na spika, kwa sababu pale kijijini hapana. Nilikubali. Ijumaa nilirenda kazi, yaani nilitoa faili zima la kuchezwa. Niliisikiliza dakika mbili za mwanzo, ule wimbo na zile picha, nikaridhika. Nilikuwa na filamu ya uzinduzi inanisubiri. Hedifoni zilikuwa zimening'inia ukutani, na sikuzivaa.

Jumamosi turubai lilijaa. Mama Kulwa aliketi kwenye mkeka mbele kabisa, ameegemea magoti, ameelekeza sikio lake zima kwenye spika. Katekista aliomba. Wimbo ukapigwa, picha zikapita, Kulwa akiwa na sare za chuo, Kulwa na ndama, Kulwa na Doto wakiwa watoto wamevalishwa nguo moja. Kisha wimbo ukashuka, na sauti ikatoka.

"Haya haya haya! Jumamosi mnadani! Madume ya plau, mitamba, mbuzi wa kunona!"

Kwanza sikuelewa ninachokisikia. Nilielewa ile sauti ilipokatika katikati ya neno, ikaruka, ikakatika tena. Ilikuwa inakatika mahali palepale nilipokuwa nimekata kikohozi cha marehemu. Mtu mmoja nyuma alitoa kicheko kifupi akakiziba kwa kiganja. Mama Kulwa aligeuza uso akanitazama, si kwa hasira, kwa kuuliza tu.

"Huyu si ng'wanawane," alisema. Huyu si mwanangu.

Nilizima. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia kosa ni langu, nitakwenda kumtafuta. Nilisema hivyo, kumtafuta, kana kwamba amepotea machungani. Yeye aliniinua kwa mkono, akasema, "Nenda mayu, utamleta." Aliniamini. Kuaminiwa vile kuliniuma kuliko kama angenitukana.

Doto alichukua ruhusa kazini tukaenda wote shuleni Lagangabilili. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatupeleka kwenye ile kompyuta. Ilikuwa imepakiwa upya na kujazwa mitihani, ratiba na picha za mahafali. Fundi mmoja wa Mwanza aliipekua diski yake kwa wiki mbili. Alirudisha vipande vya harusi ya watu wengine na matangazo ya mbolea. Sauti ya Kulwa haikuwemo. Nilipomweleza Doto, alikaa kwenye benchi la studio, akauliza swali moja tu.

"Wewe uliyasikia maneno yake?"

"Niliyasikia yote."

"Utamwambia mama?"

Nilimweleza alichoniambia kaka yake, kwamba hataki mtu mwingine aingie katikati. Doto alilia hapo kwa mara ya kwanza mbele yangu, na mimi nililia naye. Hakuna kitufe cha kurudisha nyuma jambo la namna ile.

Nilimpigia simu Mwalimu Salum, Tanga. Nilikuwa nimeikwepa simu hiyo kwa mwezi mzima. Nilimweleza yote, na jina fupi, na ile ndiyo kwa yote.

"Ulipima sauti kabla ya kurekodi?" aliuliza.

"Nilipima."

"Kipimo ulikirekodi, au ulitazama mshale tu?"

Sikukumbuka. Lakini mkono ulikuwa umefundishwa naye kwa miaka mingi, washa kabla, na mkono hauna kiburi kama kichwa. Bibi alikuwa na tabia ya kuweka kila kilichorekodiwa bila kupewa jina ndani ya folda yake ya siri, akikipa namba tu. Folda hiyo ilihamia pamoja na mradi bila mimi kuitazama. Niliifungua asubuhi iliyofuata. Kulikuwa na mafaili kumi na moja. Nilivaa hedifoni, nikafumba macho, nikaanza na la kwanza. La saba lilikuwa yeye.

Lilikuwa na sekunde ishirini na mbili. Yale niliyoyapa jina niliyapoteza kwa jina. Lile nililoliacha bila jina halikugongana na mtu.

Nilikwenda Kimali na Doto siku hiyo hiyo, kwa pikipiki mbili, nikiwa nimebeba spika ndogo na kompyuta. Safari hii hapakuwa na turubai wala katekista. Mama Kulwa alikuwa anachambua mahindi uani. Nilimweleza kwa ukweli kwamba maneno aliyoachiwa yamepotea, mimi ndiye niliyeyapoteza, na kilichobaki ni kipande kidogo ambacho hata si maneno. Ni mtu anajaribu maiki. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nimsikie," alisema.

Nilibonyeza. Kilianza na mlio wa kiti, kisha kikohozi, kile nilichokatazwa kukiacha. Kisha sauti yake, ya chini, ya mtu anayehesabu kwa heshima kwenye nyumba ya watu.

"Moja, mbili, tatu. Mwangaluka, mayu."

Ni salamu yetu ya asubuhi, na baada yake ukimya wa sekunde nne. Ndege wa nje ya studio wanasikika.

"Mhola?"

Ukimya tena. Kisha pumzi, na, "Nianze?" Ikakatika.

Mama Kulwa hakusogea. Aliinua mkono mmoja kidogo, ishara ya kunitaka nirudie. Nilirudia. Safari hii, "Mwangaluka, mayu" ilipotoka, yeye aliinamisha kichwa na kuitikia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwona anaingia uani na vumbi la njiani.

"Mwangaluka, ng'wanawane."

Maneno yake yaliingia katika zile sekunde nne yakatosha, yakabakiza nafasi ya pumzi. Spika ikauliza, "Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu mama. Salama tu.

"Nianze?" sauti ikauliza, ikakatika. Mama alitikisa kichwa kukubali. Doto alikuwa ameshika nguzo ya jiko kwa mikono miwili.

Tuliisikiliza mara nyingi, sikuzihesabu. Baadaye alinigeukia.

"Siku ile alikuwa anakusalimu wewe?"

"Ndiyo, mayu. Alikuwa ananisalimu mimi."

"Uliitikia?"

Nilitafuta njia ya kulipamba jibu nikaikosa. Kwetu salamu haiachwi chini hata ya adui, na mimi nilimwacha mgonjwa akinisalimu mara mbili, nikitazama mshale.

"Sikuitikia."

Aliurudisha ungo mapajani.

"Haya," alisema. "Nimeitikia mimi, badala yako."

Faili hilo lipo kwenye diski ya tisa, na nakala zake nyingine mbili ziko kwenye ya kumi na ya kumi na moja. Sasa lina jina refu kama alivyotaka Mwalimu, mahali, mtu, baba yake, shughuli, tarehe. Doto ana nakala kwenye simu, na kila simu yake ikiharibika huja kwetu. Mama Kulwa yu hai. Hivyo Doto atakuja tena, na mtaifungua kwa programu ambayo mimi sitaijua jina. Hakikisheni fremu, hakikisheni njia za mafaili, toeni nakala shahidi, vaeni hedifoni mfumbe macho mpaka mwisho. Kikohozi kiacheni. Na hizi programu mpya zina kitufe cha kukata sehemu tupu zenyewe, kazi iwe fupi. Kwenye zile sekunde nne msikibonyeze. Hapo ndipo mama anapoitikia.